Kijana wa uhasibu na viti viwili



Wiki mbili zilizopita, jioni, mpwa wangu alibisha hodi nyumbani kwangu akiwa na bahasha mbili mkononi. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana hali ya mama yake, ambaye ni dada yangu, aliziweka bahasha zile mezani akaniambia: "Mjomba, zote mbili zinataka jibu kabla ya Ijumaa ya wiki kesho."

Bahasha ya kwanza ilitoka kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu yenye ofisi katikati ya jiji. Ya pili ilitoka kiwandani, Barabara ya Nyerere. Zote mbili zinamwita kazini. Binti huyu ana shahada ya uhasibu, amekwisha kufaulu baadhi ya masomo ya Bodi, na kwa mwaka mzima amekuwa akizungusha barua za maombi bila kujibiwa. Sasa amefunguliwa milango miwili kwa mpigo, naye hajui aingie upi.

Nilitaka kucheka. Vijana wangapi mjini hapa wangefurahi kupata hata dirisha, sembuse milango miwili! Lakini nilipomtazama usoni nikanyamaza. Kiwanda kinataka kumlipa karibu mara mbili ya mshahara wa kampuni ya ukaguzi. Nyumbani wako wadogo zake wawili wanaosoma, na duka la mama yao halina tena nguvu ya zamani. Kwa binti huyu hili halikuwa swali la kitabuni. Lilikuwa swali la karo.

Nimeona tulizungumze jambo hili leo kwa sababu najua mpwa wangu hayuko peke yake. Kila mwaka vyuo vyetu vinatoa vijana wa uhasibu kwa mamia, na wanaobahatika kuitwa kazini hukutana na njia panda hiyo hiyo. Aidha, mimi mwenyewe nimekalia viti vyote viwili. Nilianza ukaguzi, nikaishia kiwandani. Kwa hiyo nisiposema mimi, sijui nimwachie nani.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi zenyewe, maana wako wengi wanaodhani mhasibu ni mhasibu tu. Mhasibu wa kampuni ndiye anayetengeneza hesabu. Anapokea ankara, anaandika hati za malipo, anatunza leja, analipa mishahara na kodi, na mwisho wa mwaka anafunga vitabu na kutoa mizania. Mkaguzi wa nje haandiki vitabu hivyo. Yeye anakuja vikiwa vimekwisha andikwa, anavipekua, anauliza maswali, kisha anatoa maoni yake kwa wenye mali kama hesabu zile zinaonyesha hali halisi. Ndiyo maana mnasikia habari za hati safi na hati yenye shaka. Wote wawili wamesoma vitabu vile vile na kufanya mitihani ile ile. Tofauti yao ni upande wa meza wanaokalia. Mmoja anauliza, mwingine anajibu.

Hapa nchini meza hiyo ina historia yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, njia kuu za uchumi ziliingia mikononi mwa umma, na mashirika yakawa mengi kuliko wahasibu wa kuyatunzia vitabu. Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilianzishwa mwaka 1972, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Enzi hizo kijana akifaulu mitihani ya Bodi alikuwa anagombaniwa. Miaka ya 1990 upepo ukageuka. Mashirika yakaanza kubinafsishwa, kiwanda cha bia mwaka 1993 na cha sigara mwaka 1995. Mamlaka ya Mapato ikaanza kazi mwaka 1996. Mwezi Aprili 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likafungua milango, na mwezi Julai mwaka huo kodi ya ongezeko la thamani ikaanza. Kila moja ya hatua hizo iliongeza watu wanaotaka kuona hesabu zilizokaguliwa: wenye hisa, mabenki, watoza kodi. Hivyo kazi iko pande zote mbili. Swali linabaki, kijana aanzie wapi?

Nianze na sifa za kampuni ya ukaguzi. Mimi niliingia huko katikati ya miaka ya 1980, shati moja jeupe na suruali mbili. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mkaguzi hana ofisi. Leo uko benki, wiki kesho uko kwenye kiwanda cha nguo, mwezi ujao uko mkoani kwenye chama cha ushirika. Katika miaka mitatu niliona biashara za aina ambazo mhasibu wa kiwanda kimoja hazioni mpaka anastaafu.

Sitasahau ghala moja la korosho kusini. Tulikwenda kuhesabu magunia mwisho wa mwaka. Mtunza ghala alisimama mbele akatuhesabia: magunia kumi upana, ishirini urefu, kumi na mbili kwenda juu. Nikachukua kalamu nikazidisha, nikapata jibu, nikawa tayari kuondoka. Kiongozi wetu wa kazi, mzee mmoja mpole, akaniambia, "Kijana, panda juu." Nikapanda. Katikati ya rundo lile palikuwa patupu kama kisima. Magunia yalikuwa yamepangwa pembeni tu. Mzee yule hakumfokea mtu. Aliniambia nishuke, nihesabu upya, niandike nilichokiona. Chuoni nilifundishwa kanuni nyingi za ukaguzi, lakini neno "panda juu" nililifahamu siku ile.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya upande ule. Unafundishwa kutoridhika na jibu la kwanza. Isitoshe, kampuni nyingi za ukaguzi zinawabana vijana wafanye mitihani ya Bodi, ile ya mwezi Mei na Novemba, na ukishindwa unaulizwa. Unakuwa pamoja na vijana wenzako wanaosoma, usiku mnafundishana. Na ukitoka huko na cheti chako, jina la mkaguzi linakufungulia milango ya makampuni.

Lakini kila penye mafuta pana moshi wake. Mshahara wa kuanzia ni mdogo. Makampuni mengi hufunga hesabu tarehe 31 Desemba, kwa hiyo wakati wenzako wanakula Krismasi wewe unajiandaa kuhesabu mapipa, na kuanzia Januari mpaka Aprili nyumbani unakwenda kulala tu, na pengine usiku mmoja mmoja huendi kabisa. Wenye kufunga tarehe 30 Juni nao wanakusubiri Julai. Kazi imepangiwa saa zake, na saa zikiisha kabla ya kazi, unatakiwa uimalize hivyo hivyo. Njia ya kwenda juu nayo ni nyembamba. Mnaingia ishirini, na baada ya miaka kumi na tano anayekuwa mbia wa kampuni ni mmoja, na pengine hata huyo mmoja hapatikani. Wengine wote wameshuka vituo vya njiani.

Sasa tutazame kiwandani. Nako kuna elimu ambayo mkaguzi haipati. Mkaguzi anakuja kwa wiki tatu, anasema gharama za umeme zimepanda, anaondoka. Mhasibu wa kiwanda anajua zimepanda kwa sababu mashine namba mbili iliharibika mwezi Machi, jenereta likawa linawaka usiku na mchana, na dizeli ikawa inapungua kuliko ilivyonunuliwa. Anajua tani moja ya bidhaa inagharimu kiasi gani kabla haijatoka getini. Anajua kwamba faida iliyoandikwa kitabuni hailipi mishahara ya Ijumaa, maana mishahara inalipwa na fedha iliyoko benki, na fedha hiyo wateja bado hawajaileta. Mkaguzi akikosea, anaandika barua. Mhasibu wa kiwanda akikosea, watu mia mbili wanasimama dirishani kwake.

Mshahara ni afadhali, saa za kazi zinaeleweka, na pengine kuna matibabu na usafiri wa kazini. Mtu anaweza kulea watoto wake akawaona. Na akiwa na kichwa kizuri anaweza kupanda kutoka karani wa malipo hadi mhasibu mkuu, hadi mkurugenzi wa fedha. Ubaya wake ni kwamba unaweza kuingizwa kwenye dawati la ankara za wadai ukakaa hapo miaka sita, ukiijua kazi hiyo moja kama vidole vyako na hujui ya jirani yako. Mitihani ya Bodi inaahirishwa kutoka Mei kwenda Novemba, na kutoka Novemba kwenda Mei, mpaka unaoa, unajenga, na vitabu vinaliwa na mchwa.

Basi, ndugu wasikilizaji, mpaka hapo mizani iko sawasawa. Ningeweza kuishia hapa nikamwambia binti, chagua mwenyewe. Lakini liko jambo moja ambalo wanaoshauri vijana hawalisemi, nami nililificha kwa miaka mingi. Kila kiti kina kishawishi chake, na kijana anapochagua kazi anachagua pia kishawishi atakachopambana nacho.

Nitaeleza langu. Mwaka 1996 nilikuwa mhasibu wa kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Mwaka ule haukuwa mzuri. Mkuu wetu alikuwa amekwenda benki kuomba mkopo, na benki ilitaka kuona hesabu zilizokaguliwa zenye faida. Tulipofunga vitabu tulikuta hasara, si kubwa, lakini hasara. Mkuu akaniita. Hakuniambia niibe, wala hakunitisha. Aliniambia kwa upole kabisa, "Hizi ankara za malighafi za Desemba, zilaze kidogo. Ziamke Januari."

Wasiojua uhasibu nitawafafanulia. Malighafi ilikuwa imekwisha pokelewa Desemba, na nyingi imekwisha tumika kutengeneza bidhaa zilizouzwa Desemba hiyo hiyo. Deni lake lilikuwa la mwaka ule. Ukiliandika Januari, mauzo yanahesabiwa mwaka huu na gharama yake inahesabiwa mwaka ujao, na hasara inageuka faida bila mtu kugusa senti. Mkopo ukipatikana, nilijiambia, tutalipa wadai, mambo yatakaa sawa, hakuna atakayeumia. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Nikazilaza.

Kisha wakaja wakaguzi. Kazi ya wadai alipewa msichana mdogo, labda mwaka wake wa pili kazini. Alikuwa hodari. Aliniuliza swali lile lile ambalo mimi ningeliuliza zamani: "Naomba kitabu cha kupokelea mali stoo, nione hati za mwisho za Desemba." Hapo ndipo penyewe. Ukichukua hati zile ukazilinganisha na ankara zilizoandikwa kwenye leja ya Desemba, ambazo hazimo zinaonekana mara moja. Nilijua kwamba akikipata kitabu kile, mambo yamekwisha.

Nikamjibu kwamba mtunza stoo yuko likizo na ndiye mwenye funguo. Ilikuwa kweli yuko likizo. Funguo nyingine zilikuwa kwenye droo yangu.

Msichana yule aliniangalia kidogo. Nadhani alijua. Lakini ilikuwa Alhamisi, na Ijumaa walitakiwa wawe wamemaliza, na kiongozi wake alikuwa anamhimiza amalize. Akaandika jambo kwenye karatasi zake, akaendelea na ukurasa mwingine. Hati safi ikatoka. Mkopo ukatoka. Baada ya mwaka mmoja na miezi kiwanda kikashindwa kulipa, na watu arobaini na wawili wakapunguzwa kazi. Wengine nilikuwa nakula nao chakula cha mchana.

Msiniambie kwamba kiwanda kingeanguka tu hata bila mkopo ule. Huenda. Lakini benki ingejua mapema, mkuu angelazimika kutafuta njia nyingine mapema, na wale watu wasingekwenda kukopa viwanja kwa kutegemea kazi ambayo mimi nilijua haina miguu.

Angalieni basi viti vile viwili siku ile. Mimi kishawishi changu kilikuwa ajira: mkuu anayenilipa ndiye aliyeniagiza. Yule msichana kishawishi chake kilikuwa haraka, na nyuma ya haraka ilikuwapo ada. Kisheria mkaguzi huteuliwa na wenye hisa kwenye mkutano wao, lakini mara nyingi anayepatana naye malipo ni uongozi ule ule anaoukagua. Ukimkera sana, mwakani anaweza kutafutwa mwingine. Hakuna kiti kitakatifu katika kazi hii.

Hata mataifa makubwa yamelipia somo hilo. Nchini Marekani kampuni ya nishati ya Enron ilifilisika mwezi Desemba 2001. Mkaguzi wake alikuwa Arthur Andersen, jina lililoanza mwaka 1913 na kuheshimika dunia nzima. Mwaka 2000 Andersen alipokea kutoka Enron dola milioni 52, na zaidi ya nusu ya fedha hizo hazikuwa za ukaguzi bali za ushauri na kazi nyingine. Je, mtu anayekupa fedha hizo utamwuliza maswali magumu? Wakaguzi wa Andersen walipatikana wameharibu karatasi kwa wingi. Mwaka 2002 kampuni ikatiwa hatiani, ikasambaratika, ikiwa na wafanyakazi wapatao 85,000 duniani. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi ile ilitengua hukumu, lakini ilikuwa sawa na kumletea marehemu dawa.

Mwaka huo huo 2002 ikaanguka WorldCom, kampuni ya simu, na hapa sikilizeni vizuri, maana walikuwapo wahasibu wawili wanawake ndani ya kampuni hiyo moja. Wa kwanza ni Betty Vinson, mhasibu wa ngazi ya kati. Wakubwa wake walimtaka aandike maingizo ya uongo ili gharama zionekane ndogo. Alikataa kwanza, akaandika hata barua ya kujiuzulu, lakini hakuiwasilisha. Alikuwa tegemeo la familia yake. Akaandika, na robo mwaka iliyofuata akaandika tena. Mwaka 2005 alihukumiwa miezi mitano jela na miezi mitano ya kifungo cha nyumbani. Wa pili ni Cynthia Cooper, mkuu wa ukaguzi wa ndani. Yeye na wenzake walifanya kazi usiku, wakapekua, wakakuta dola bilioni 3.8 za gharama zilizoandikwa kana kwamba ni mali, wakalifikisha jambo hilo kwenye kamati ya ukaguzi ya bodi. Wote wawili walikuwa wanalipwa na kampuni ile ile. Cooper kabla ya hapo alikuwa amepitia kwenye kampuni za ukaguzi wa nje.

Nasi hapa nyumbani tunalo la kukumbuka. Ukaguzi maalumu wa kampuni ya Ernst & Young kwenye akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu, ile ya EPA, ulionyesha kwamba katika mwaka wa 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa kampuni 22. Januari 2008 Rais akatengua uteuzi wa Gavana. Hesabu zile hazikujifichua zenyewe. Kuna mtu alipanda juu ya magunia.

Narudi kwa mpwa wangu. Jioni ile nilimsimulia yote haya, hata lile la funguo, ambalo nilikuwa sijapata kumwambia mtu wa ukoo. Kisha nikampa ushauri wangu: aanzie kwenye ukaguzi. Akae miaka mitatu, amalize mitihani ya Bodi, ajifunze kuuliza akiwa bado hana mengi ya kupoteza, kisha akitaka aende kiwandani. Nilimwambia kwamba kutoka ukaguzi kwenda kiwandani ni kuteremka mlima, lakini kutoka kiwandani kwenda ukaguzi ukiwa na miaka thelathini na mitano ni kuupanda. Ataketi chini ya vijana wadogo kwa mshahara mdogo, na wachache wanaoweza.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa adabu, "Mjomba, na karo ya wadogo zangu?"

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo wazee wengi tunapoanguka. Tunawapa vijana ushauri wa miaka mitatu wakati wao wana tatizo la mwezi huu. Ushauri usio na mchango ni upepo. Nikamwambia kwamba akichagua ukaguzi, karo ya mdogo wake mmoja ni yangu mpaka atakapopata cheti. Hiyo si sadaka. Mjomba aliyetaka mtoto wa dada yake ajinyime ili ajifunze hana budi kujinyima naye.

Lakini binti huyu ana akili kuliko mjomba wake. Hakunipa jibu. Alikwenda zake, na katika siku zilizofuata alifanya jambo ambalo kijana adimu hulifanya: alizikagua kazi zote mbili kabla hajazikubali. Kampuni ya ukaguzi aliiuliza: Mnalipia mitihani ya Bodi? Mnatoa likizo ya kusoma? Kijana wenu akikuta jambo ambalo kiongozi wake anataka lipite, anakwenda kwa nani? Kiwanda nacho akakiuliza: Mhasibu mkuu wenu ana cheti? Kuna mkaguzi wa ndani, na anatoa taarifa kwa nani, kwa mkurugenzi au kwa bodi? Nitazungushwa idara zote au nitakaa kwenye dawati moja? Aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yangu yuko wapi sasa?

Swali la mwisho lilileta habari. Kiwanda kilimjibu kwamba aliyekuwapo "hakuelewana na uongozi". Hakutaka kusikia zaidi, ingawa mimi namwambia kila mara kwamba neno hilo lina maana mbili: pengine mtu yule alikuwa mkorofi, na pengine alikataa kulaza ankara. Kwa upande mwingine, kampuni ya ukaguzi haikuwa na jibu zuri juu ya saa za kazi, ikasema wazi kwamba Januari asitegemee kulala. Lakini juu ya swali la kijana anakwenda kwa nani, walimtajia mbia, wakamwonyesha hata mlango wake.

Ijumaa asubuhi alinipigia simu. Amekwenda ukaguzi. Mshahara ni ule ule mdogo, na mwisho wa mwezi nitakumbushwa ahadi yangu.

Sisemi kwamba kila kijana afanye hivyo. Mwenye wazazi wagonjwa na asiye na mjomba, akichukua kiwanda hajakosea, na wala asidharauliwe. Kiwanda kizuri chenye mhasibu mkuu mwaminifu ni shule bora kuliko kampuni ya ukaguzi inayouza saini. Viwanda vinahitaji watu wenye vichwa vizuri kuliko tunavyokiri, maana hesabu zikiandikwa sawasawa toka mwanzo mkaguzi anakuwa na kazi nyepesi. Ninachosema ni kwamba asichague kwa kutazama mshahara wa mwezi wa kwanza peke yake. Aulize atajifunza nini, chini ya nani, na siku atakapoagizwa kuandika uongo atakuwa na mlango gani wa kwenda kubisha. Na mwajiri anayekasirikia maswali hayo amekwisha jibu.

Kabla hajakata simu, mpwa wangu aliniuliza swali moja la mwisho. "Mjomba, yule msichana mkaguzi, uliwahi kumtafuta ukamwambia?"

Nikamjibu hapana. Sikuwahi. Huenda sasa ni mtu mzima mwenye kampuni yake, na huenda bado anajiuliza kama angesisitiza kuhusu zile funguo. Kama ananisikiliza leo, namwambia: ulikuwa umeuliza swali sahihi. Aliyekosea ni mimi.

Kwa leo naishia hapa. Panapo majaliwa, tukutane tena wiki ijayo. Kwaherini.